Kocha wa tenisi chuoni au kocha wa staa mmoja, ipi kazi?

Hii debeti haiishi kwa watu wa tenisi: ukae chuoni miaka nenda rudi ama ushikamane na staa mmoja uzunguke nae dunia?

Kwa uhakika wa kazi chuo kinashinda mbali. Dick Gould alianza kuinoa timu ya wanaume ya chuo cha Stanford kule California 1966 akatoka 2004, miaka 38 timu ile ile, mataji 17 ya NCAA (ligi ya michezo ya vyuo vya Marekani), la kwanza 1973 la mwisho 2000. Sasa mcheki Brad Gilbert, kocha wa mastaa, kamnoa Agassi, akaenda kwa Roddick, akaenda kwa Murray, halafu Coco Gauff wakabeba kombe kubwa la US Open 2023 na mwaka uliofuata tu wakaachana. Kombe halijashika hata vumbi jamani!

Pesa? Kwa staa akishinda nawe unakula, akiumia goti mnalia wote. Chuoni mshahara unaingia hata mkipigwa.

Ila chuo nacho kina mzigo wake, mechi moja ni singo sita (mmoja kwa mmoja) na dabo tatu (wawili kwa wawili), vijana wapya wa kusaka kila mwaka, na ukipata almasi haikai. John McEnroe, aliyekuja kuwa staa mkubwa wa tenisi, alimchezea Gould msimu mmoja tu, 1978 akabeba taji la singo la vyuo akasepa zake pro, kocha anaanza upya. Mi hapo ndo naona utamu, wengine watasema ni mateso.

Una watoto wadogo, nenda chuo. Begi lako liko mlangoni muda wote, nenda na staa, ila mkataba usome mpaka mwisho.