Mianzi au hariri: China ya kale iliandika juu ya nini?

Kabla karatasi haijaenea, makarani wa China walitegemea zaidi mianzi. Waliipasua vipande vyembamba, wakavikausha motoni ili maji yatoke na wadudu wasivitoboe, kisha wakavifunga kwa kamba na kuvikunja kama mkeka. Ukikosea, unakwangua wino kwa kisu, unaandika upya. Tatizo ni uzito. Tena kamba ikioza, mpangilio wote unavurugika.

Hariri ni nyepesi na pana, inafaa hata ramani, kama zile zilizofukuliwa mwaka 1973 katika makaburi ya kale ya Mawangdui, kusini mwa China. Ila bei yake ilikuwa kubwa mno.

Kwa kazi za serikali naichagua mianzi bila kusita: huko Shuihudi, mwaka 1975, vipande zaidi ya 1,100, vingi vikiwa na sheria za Qin (dola ya kale ya China), vilikutwa kaburini mwa ofisa mdogo tu.