Subaru Forester ya 2008–2012: ukinunua SH5 au SHJ, hizi ni injini mbili tofauti za boksa

Mitaani kila Forester ya kizazi cha tatu huitwa SH5. Angalia namba ya chesisi kabla ya kuzungumza bei. Zilizouzwa Japani zikiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo ziko za aina mbili: SH5 yenye injini ya EJ20, na SHJ yenye FB20, iliyoingia mwishoni mwa 2010. Umbo ni lilelile, giaboksi ya otomatiki ni ileile ya gia nne, na nguvu inayoandikwa ni farasi 148 kwa zote mbili. Kitakachotofautiana ni bili ya gereji.

Zote mbili ni boksa, yaani injini ambayo silinda zake zimelala kulia na kushoto badala ya kusimama, na neno hilo hutumiwa ovyo, kwa hiyo tuliweke sawa. Si kila injini iliyolala ni boksa. Kwenye boksa kila konrodi (mkono wa pistoni) ina shingo yake kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, hivyo pistoni mbili zinazotazamana hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama mabondia wanaogonganisha glavu. Ferrari iliita gari lake la silinda 12 la miaka ya 1970 Berlinetta Boxer, lakini ndani yake pistoni mbili zilishiriki shingo moja: moja ikitoka, mwenzake anarudi. Kiufundi ile ni injini ya V iliyopanuliwa hadi nyuzi 180. Porsche 911 ni boksa kweli, baadhi ya pikipiki za BMW za silinda mbili pia, na Subaru wamekuwa nayo tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966.

Faida yake unaipata barabarani. Msukumo wa pistoni ya kulia unafutwa na wa kushoto, kwa hiyo injini haihitaji shafti za kutuliza mtetemo zinazowekwa kwenye injini nyingi kubwa za silinda nne zilizosimama. Kunabaki mtikisiko mdogo tu, kwa kuwa silinda za upande mmoja zimetangulia mbele kidogo kuliko za upande wa pili. Uzito nao unakaa chini, na ndiyo maana Forester, pamoja na urefu wake, hailali sana kwenye kona. Gari likitetemeka likiwa limesimama, usikubali kuambiwa "boksa ndivyo zilivyo". Kagua plagi, koili na maunti za injini (mipira inayoishikilia).

Na ule mngurumo ambao vijana wanaupenda? Hautoki kwenye boksa. Unatoka kwenye manifodi ya egzosi yenye mabomba yasiyolingana urefu. Forester hii ya kawaida ni kimya, na ukiinunua kwa ajili ya sauti umepotea.

Hasara inaonekana ukifungua boneti. Una silinda hedi mbili, hedi gasketi mbili, kava za tapeti mbili na kemu nne (shafti zinazofungua valvu), na zote zimetazama kwenye chesisi. Kubadilisha plagi, kazi ya dakika kumi kwenye Toyota nyingi, hapa kunaanza kwa kutoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili. Kwa EJ20 beba soketi ya plagi saizi 16 na ekstensheni fupi mbili, maana ndefu moja haiingii. Fanya kazi injini ikiwa imepoa, anzisha nyuzi za plagi kwa mkono, kisha kaza kwa takriban Nm 20. Hedi ni ya alumini, na uzi ukiliwa huko pembeni, fundi huenda akalazimika kuishusha injini.

Kwa kuwa hedi zimelala, oili hutuama kwenye ukingo wa chini wa kava ya tapeti hata gari likiwa limeegeshwa. Gasketi ikikauka, oili hudondoka juu ya egzosi na utasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa. Ukiagiza gasketi za kava, agiza na mipira ya mirija ya plagi siku hiyohiyo. Mipira hiyo ikivuja, shimo la plagi hujaa oili na injini huanza kukosa moto.

Hedi gasketi ndiyo jina baya la Subaru, lakini sifa hiyo ilitokana zaidi na EJ25, ya lita 2.5, iliyojaa Marekani. EJ20 ina nafuu. Hata hivyo ingia chini ya gari na tochi, utazame pale hedi inapokutana na bloku: unyevu wa oili au ukoko uliokauka wa kulanti (maji ya kupozea injini) ni dalili. Kisha washa injini mpaka ipate moto, uangalie chupa ya akiba ya kulanti. Mapovu yasiyokoma maana yake ni gesi ya silinda inapita, na hapo achana na gari. Ila kama kulanti imebadilishwa karibuni, uliza kwanza kama hewa ilitolewa. Boksa hushika hewa kirahisi. Jaza bloku taratibu kupitia hosi ya juu ya rejeta, legeza skrubu ya plastiki iliyo kwenye kona ya juu ya rejeta, ndipo umalizie kwenye mfuniko. Ukimimina tu juu na kuwasha, gari litachemsha na gasketi nzima italaumiwa bure.

Tofauti kubwa ya EJ20 na FB20 ni taimingi, yaani kinachofanya krenki na kemu zizunguke kwa mpangilio. EJ20 ina belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hupigwa na pistoni. Badilisha pamoja na tenshena, puli zote ikiwemo yenye meno, na pampu ya maji, kwa kuwa inazungushwa na belti hiyohiyo. Kosa linaloua injini hizi ni fundi kulenga mshale uliochongwa kwenye puli ya krenki. Alama sahihi ni kimstari kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa puli hiyo. Kikilengwa, pistoni zote zinakuwa katikati ya mwendo na valvu ziko salama. Kemu za upande wa kushoto nazo zinashikwa na springi: ukiachia ghafla zinaruka, na valvu zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe.

FB20 imeondoa habari hiyo yote kwa kutumia cheni. Filta yake ya oili iko juu mbele, unaitoa umesimama, wakati ile ya EJ iko chini ikizungukwa na mabomba ya egzosi yenye moto. Udhaifu wake ni mwingine: kava kubwa la cheni, lililofungwa kwa gundi, huanza kuvuja, na FB za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Tena zinataka karibu lita 5, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 haitoshi, na ndivyo zinavyoanza safari zikiwa na upungufu. Pima kwa kijiti mahali tambarare, baada ya kuzima na kungoja dakika kumi, kwani oili huchelewa kushuka kutoka kwenye hedi. Kijiti kikionyesha tofauti pande zake mbili, amini upande wa chini.

Chaguo langu ni SHJ, mradi kava la cheni ni kavu na mwenye gari anakubali oili ipimwe mbele yako. SH5 ningeinunua kwa bei ya chini tu, nikipunguza gharama ya belti na pampu kwenye bei hapohapo, isipokuwa muuzaji ana risiti. Stika ya Kijapani ya belti ndani ya boneti inaonyesha kilomita ilipobadilishwa mara ya mwisho. Ilinganishe na dashibodi, na kama dashibodi inasoma chini ya stika, kilomita zimerudishwa nyuma.