Uanagenzi wa shahada ya uhandisi England: tathmini ya aliyeupitia

Naupa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotea kwa sababu moja: ubora wa mafunzo haya unategemea mno meneja utakayepangiwa, na mwombaji hapewi nafasi ya kumchagua. Mengine mengi yana dawa ukiyajua mapema.

Mfumo ulianza England mwaka 2015. Unaajiriwa na kampuni, unalipwa mshahara, na wakati huohuo unasoma shahada ya kwanza, kwa kawaida kati ya miaka minne na sita. Ada hulipi wewe. Mwajiri ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa 0.5% ya kiasi kilichozidi, na fungu hilo ndilo linalolipia chuo. Mwanafunzi wa kawaida wa England angeweza kutozwa hadi pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Zidisha kwa miaka mitatu, kisha ongeza mkopo wa kujikimu, ndipo utaona ukubwa wa mzigo unaouepuka. Kanuni za ufadhili pia zinakataza kumdai mwanagenzi gharama za mafunzo, hata akiacha katikati. Kipengele cha namna hiyo kikionekana kwenye mkataba wako, kihoji kabla ya kutia saini.

Tusidanganyane kuhusu mshahara. Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Aliyefikisha miaka 19 na kumaliza mwaka wa kwanza lazima alipwe kima cha umri wake. Kampuni kubwa za uhandisi hulipa zaidi ya hapo, ila mkopo wa serikali wa wanafunzi hupati, na kodi ya halmashauri (inayotozwa kwenye makazi) wengi wetu tunalipa: mwanagenzi husamehewa ikiwa tu mshahara wake hauzidi pauni 195 kwa wiki, wakati mwanafunzi wa muda wote amesamehewa. Piga hesabu ya pango la mji wenyewe wa kiwanda kabla ya kufurahia tarakimu ya mwaka.

Ndugu walioko Dar au Nairobi huuliza kama wanaweza kuomba kutoka huko. Hapana. Lazima uwe na haki ya kufanya kazi Uingereza, na kwa kawaida uwe umeishi huko miaka mitatu kabla ya kuanza. Viza ya mwanafunzi haikubaliki. Mkimbizi aliyekwisha kupewa hadhi hadaiwi ile miaka mitatu, na hili nalisisitiza kwa sababu familia nyingi zetu zinakata tamaa bila kuuliza.

Mwaka wa kwanza, kwa waajiri wengi wa viwandani, ni wa karakana. Hapa ndipo wazazi hushtuka: mtoto ana hisabati na fizikia nzuri, kisha anashika tupa! Lakini mwaka huu ndio ninaousifu kuliko yote. Unafunga kipande cha chuma laini kwenye jiliwa na kukipiga tupa hadi pande zikae mraba na vipimo viingie ndani ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Tupa ikiyumba mikononi, uso unatoka na mgongo katikati. Usipoondoa vinyweleo vya chuma pembeni kabla ya kupima, kalipa, yaani kifaa cha kupimia, itakudanganya. Kwenye mashine ya kukereza, mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 50 uliopata joto nyuzi 40 za Selsiasi zaidi ya karakana huwa umetanuka kama milimita 0.024. Ukiupima ukiwa moto na kuukata hadi kipimo kamili, ukipoa unakuwa mwembamba kuliko mchoro. Gurudumu la mashine nalo lina mchezo, yaani ulegevu, kwenye skrubu zake, kwa hiyo kipimo hufikiwa kwa kuzungusha upande uleule kila mara. Ukipitiliza, rudi nyuma vya kutosha kisha uje tena mbele.

Faida yake inaonekana baadaye ukiwa ofisini na programu ya kuchora. Aliyesimama kwenye mashine ya miling, ambayo hukata chuma kwa kikatio kinachozunguka, hachori kona ya ndani iliyo mraba kabisa, maana anajua kikatio ni cha duara na lazima kiache mviringo. Huyo anaweka nusu kipenyo inayolingana na kikatio kilichopo, na fundi hamrudishii mchoro.

Baada ya hapo ratiba huwa ya aina mbili: siku moja ya chuo kila wiki, au wiki nzima za chuo mara kadhaa kwa mwaka. Mimi napendelea siku moja, kwa kuwa hisabati haipati muda wa kusahaulika. Lakini siku hiyo huwa ndefu, na mambo yanakwenda kasi kwa sababu ya uchache wa saa. Jitengee saa nane hadi kumi na mbili nyingine za kusoma nyumbani kila wiki. Kinachoangusha wengi ni kalkulasi na matriki, na kwa wa umeme namba changamano, ambazo ndizo lugha ya mkondo geu. Yarudie hayo miezi ya kiangazi kabla ya kuanza. Ukiyasubiri darasani, yatakukuta wakati zamu za kiwandani nazo zimekukaba.

Sasa jalada la ushahidi, ambalo wengi hulichukulia kama karatasi tu. Kila uanagenzi una orodha ya maarifa, stadi na mienendo, maarufu kwa kifupi cha Kiingereza KSB, na kila kipengele lazima ukithibitishe kwa kazi halisi. Andika wiki ileile uliyofanya kazi. Ukisema "tulibadilisha beringi ya pampu" hujathibitisha kitu. Sema dalili ilikuwa nini, mtetemo ulisomaje, kwa nini beringi ilikufa (mara nyingi shafti za mota na pampu hazikunyooshwa sawasawa), wewe binafsi ulifanya nini, na usomaji baada ya kufunga ulikuwaje. Picha zinasaidia, ila omba ruhusa kwanza. Viwanda vya ndege na silaha huzuia kamera.

Kuna pia saa za mafunzo nje ya kazi ya kila siku. Tangu 2022 zilikuwa walau sita kwa wiki kwa aliyeajiriwa muda wote, na kuanzia Agosti 2025 kila uanagenzi umewekewa idadi yake. Lazima ziwe ndani ya saa unazolipwa. Uzalishaji ukibana, msimamizi huzila kwanza hizi, kwa sababu hasara yake haionekani siku hiyo. Kikao cha watu watatu, wewe, mwajiri na mkufunzi, hufanyika takriban kila wiki 12. Ndiyo mahali pa kulisema, ukiwa na tarehe na idadi ya saa zilizopotea. Malalamiko ya jumla hayaandikwi popote.

Kwenye usaili uliza maswali haya bila haya: nitahamishwa idara kila baada ya miezi mingapi? Nani analinda siku yangu ya chuo mashine zikisimama? Wanagenzi waliomaliza wako vitengo gani leo? Majibu ya kuzungukazunguka yanakuambia mengi kuhusu yule meneja usiyemjua.

Kampuni ikipunguza watu, hali haijaharibika kabisa. Ukiwa umebakiza miezi sita au umemaliza 75% ya mafunzo, ufadhili unaendelea hadi mwisho. Kabla ya hapo, una wiki 12 za kutafuta mwajiri mwingine huku ukiendelea kusoma.

Angalia kama tathmini ya mwisho ya uanagenzi imeunganishwa na shahada. Pale zilipotenganishwa, mtu hupata shahada, akalegea, na ripoti ya mradi na mahojiano ya kitaaluma vikabaki viporo, ilhali uanagenzi haujaisha na cheo kipya kinausubiri.

Anayetaka siku moja kufanya kazi Afrika Mashariki aulize kama shahada imeidhinishwa na taasisi za kitaaluma za wahandisi za Uingereza kama IMechE (ya mitambo) au IET (ya umeme na teknolojia). Bodi ya Wahandisi ya Kenya na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania zitakagua shahada yenyewe, kwa hiyo hifadhi mitaala na matokeo ya kila somo.

Nafasi huanza kutangazwa Septemba kwenye tovuti ya serikali na za kampuni zenyewe, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Nyingine hufungwa mara zinapojaa, bila kungoja tarehe iliyoandikwa. Omba pamoja na vyuo vya kawaida kupitia UCAS, mfumo wa Uingereza wa kuomba nafasi za chuo kikuu. Kimoja hakizuii kingine.