Maboksi ya bei moja ya posta ya Marekani kwa magemu yanayokuja Mwanza: uzoefu wangu

Kwa anayetaka kuagiza leo, jibu langu ni hili: kama unaletewa kava tano sita za gemu za PS4, boksi la bei moja halikufai. Kama unaletewa mashine ya kuchezea gemu na vitu vyake, linakufaa sana. Nanunua na kuuza magemu yaliyotumika hapa Mwanza, na wateja wengi huja na swali hilohilo: ndugu yuko Marekani, ameambiwa posta ya kule, USPS, inatoa maboksi bure na bei haibadiliki kwa uzito, je, atie vitu humo?

Utaratibu ni kweli uko hivyo. Boksi unalichukua bure posta, unalijaza, unalipia bei ya boksi hilo kwenda nchi husika, na mizani haikuhusu mpaka ufike kikomo. Kwa mizigo ya nje ya nchi kikomo cha boksi dogo ni kilo 1.8, na cha boksi la kati na kubwa ni kilo 9. Tatizo ni kwamba gemu ni jepesi. Kava ya PS4 na CD yake ndani ina kama gramu 90. Kumi pamoja na boksi hazifiki hata kilo moja na nusu, kwa hiyo unalipia kilo ambazo hujazitumia. Mzigo wa namna hiyo mwambie ndugu auweke kwenye boksi lake mwenyewe na autume kwa huduma nyingine ya USPS inayolipiwa kwa uzito, First-Class Package International Service, ambayo inapokea hadi kilo 1.8 na thamani isiyozidi dola 400. Mara nyingi hiyo ni nafuu zaidi. Ukishapita kilo 1.8, hapo ndipo bei moja inaweza kuanza kuonyesha faida.

Boksi dogo silipendekezi kabisa kwa magemu. Ndani lina milimita 219 kwa 137 kwa 41. Kava ya PS4, na ile ndefu ya PS2 au Xbox 360, zote zina upana wa milimita 135. Inabaki milimita 2. Hapo huwezi kuweka hata tabaka moja la nailoni ya mapovu, kwa hiyo boksi likigongwa, kava ndiyo imegongwa. Kava za Switch ndizo pekee zinazokaa vizuri humo, tatu kwa pamoja na nailoni yake, lakini nazo kwa uzito wake ni nafuu zaidi kwenda kwa First-Class.

Boksi kubwa ndilo ninalolisifu. Ndani ni milimita 305 kwa 305, kina 140. PS2 nyembamba ina milimita 230 kwa 152, unene 28, uzito kama gramu 900. Izungushie nailoni ya mapovu mpaka ipate kama sentimita 2 kila upande, ilaze chini. Pembeni yake weka adapta na nyaya, lakini ndani ya mfuko wao na mbali na mashine, maana kichwa cha chuma cha waya kikisugua plastiki safari nzima kinaacha alama isiyofutika. Juu yake weka kipande cha boksi gumu kilichokatwa kwa ukubwa wa boksi zima. Kipande hicho ndicho kinachozuia vitu vya juu visizame kwenye mashine. Tabaka la juu linachukua kava nne za PS2 zilizolazwa, na pedi mbili za kuchezea kando yake. Jumla inapita kilo 2 kidogo.

Xbox Series S nayo inaingia kwenye boksi kubwa, ikiwa na nafasi ya milimita 15 kila mwisho, basi tumia sponji na siyo magazeti. PS4 Slim ina urefu wa milimita 288. Itaingia, lakini kwa urefu huo inabaki milimita 8 tu kila upande, nami siwezi kumshauri mtu atume mashine hivyo. Itafutiwe boksi lingine na ilipiwe kwa kilo.

Pedi zina mambo mawili. Vijiti vyake visibanwe na kitu: kata ukanda wa boksi, uzungushe kama ukuta kando ya vijiti, ndipo ufunge nailoni juu. Kijiti kikikaa kimelazwa upande mmoja wiki kadhaa, kinaweza kuanza kuvuta chenyewe kwenye gemu bila kuguswa. Pili, betri. Pedi ya PS4 ina betri ya lithiamu, na kwa mizigo ya nje USPS inazikubali zikiwa ndani ya kifaa chake tu. Betri ya akiba iliyo peke yake haikubaliwi, isitiwe humo.

Sasa CD zenyewe, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Safarini CD huvunjika mara chache. Kinachovunjika ni meno ya katikati ya kava yanayoishika. Kava ikidondoshwa, jino moja linakatika, CD inaachia, inaanza kucheza ndani, na kile kipande cha plastiki kinaichora mpaka Mwanza. Dawa yake ni ndogo. Fungua kila kava, bonyeza CD mpaka usikie mlio wake, kisha weka juu ya kitovu karatasi laini iliyokunjwa kiasi cha sarafu, ili kifuniko kikifungwa kiikandamize. Kava ambayo meno yake yameshakufa, itoe CD, itie kwenye mfuko wake wa karatasi, kisha uurudishe ndani ya kava.

Usidharau hatua hiyo kwa kudhani mikwaruzo itasuguliwa. Hizi tunazoziita CD, za Xbox 360 na nyingi za PS2 ni DVD, ambayo data yake iko katikati ya unene, milimita 0.6 ndani, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unaweza kusuguliwa ikapona. Za PS3, PS4, PS5 na Xbox One ni Blu-ray: data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na juu yake kuna ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Ukiisugua unaiondoa ngozi hiyo. Blu-ray iliyochorwa kwa kina imekwenda.

Kava zifungwe nne nne kwa karatasi ya kawaida kwanza, ndipo nailoni ya mapovu mara mbili. Mpira wa kufungia noti usitumike, unakata kingo za karatasi ya picha, na seloteipu isiguse kava. Ukimaliza, funga boksi ulitikise. Ukisikia kitu kinatembea, fungua ujazie. Boksi lifunge kwa mikunjo yake ya asili. Seloteipu pana ya kuimarisha inaruhusiwa, ila boksi lililotuna au lililokatwa na kuungwa upya halipokelewi kwa bei hiyo. Wengine huligeuza ndani nje wakidhani litahesabiwa kuwa la kawaida. Bado linatozwa bei yake.

Kwenye fomu ya forodha kila kitu kiandikwe kwa jina, idadi, uzito na thamani yake halisi. "Zawadi" peke yake huleta maswali, na mzigo unakaa. Huku kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, kwa hiyo mwombe ndugu risiti ya manunuzi uwe nayo siku ya kuchukua. Jina liwe lile la kitambulisho chako, kisha S.L.P., Mwanza, Tanzania, na simu inayoanza na +255. Namba ya kufuatilia ina tarakimu na herufi 13 na huishia na US.

Kabla hujalipa chochote, soma mashine na CD. Chini ya mashine pakiandikwa 120V tu, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230V bila transfoma. CD za PS2 za Marekani zina namba inayoanza na SLUS au SCUS, nazo hazichezi kwenye PS2 ya Ulaya, ambayo zake ni SLES au SCES, isipokuwa imefunguliwa na kubadilishwa ili izikubali.

Kipande cha mwisho cha safari kina hatari zake. Mzigo unaoendelea Bukoba, Geita au Musoma, ukitiwa kwenye buti ya basi unaweza kukaa chini ya boksi la samaki lenye barafu. Barafu inayeyuka, boksi la karatasi linalainika na kubonyea. Kwenye boti za kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, sakafu nayo huwa na maji. Lizungushie boksi zima mfuko mzito wa nailoni, ufunge kwa seloteipu kwenye maungio yote, uandike simu ya mpokeaji juu na ubavuni, na uombe lisafiri ndani na siyo kwenye buti. Kwa basi la mchana hilo linasaidia hata na joto, ambalo linapinda CD.