Makauboi Waimbaji wa Kariakoo: Nunua, Lakini Kagua Dakika Kwanza

Katika kibanda kimoja cha kuuza filamu kilichopo Kariakoo, kati ya maduka ya vifaa vya simu, unauzwa mkusanyo wa filamu 20 za zamani za makauboi waimbaji, zilizotengenezwa Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mteja huenda na flashi yake, hulipa shilingi 15,000 na kuingiziwa mkusanyo wote, na anayetaka filamu moja moja hutozwa shilingi 1,000 kwa kila moja. Kijana anayehudumia ni mkweli kuliko wauzaji wengi wa biashara hiyo, kwa maana alipoona nilichochagua alinionya mapema: "Hizo hazina mapigano sana, bosi, wanaimba tu." Onyo lake ni sahihi, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hasa ya kuzinunua.

Wengi wetu jijini hapa tulimfahamu kauboi kupitia picha za Kiitaliano za miaka ya 1960, ambamo stelingi ni mtu mchafu, mkimya, asiyemwamini yeyote, na anayehesabiwa thamani yake kwa idadi ya maiti anazoziacha nyuma. Kauboi mwimbaji ni mtu wa namna nyingine kabisa. Shati lake lina nakshi na halichafuki hata baada ya kugaragara mavumbini, gitaa lake halikosekani linapohitajika, na bastola yake aghalabu humpokonya adui silaha bila kumtoa roho. Gene Autry, mmoja wa makauboi waimbaji hao, aliyezaliwa Texas mwaka 1907, alikuwa tayari na jina katika redio na santuri kabla kampuni ya filamu ya Republic, iliyoundwa mwaka 1935, haijampa nafasi ya stelingi mwaka huohuo. Picha hizo zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo, zikiwa na urefu wa saa moja hivi, na zilikusudiwa hasa watazamaji wa miji midogo na watoto wa siku za Jumamosi. Kisa chake hakina mafumbo: mwenye fedha anataka ardhi, maji au ng'ombe wa wanyonge, mgeni mwenye gitaa anawasili, watu wanamwamini, na mwenye fedha anaumbuka.

Jambo linalonivutia ni kazi inayofanywa na wimbo ndani ya kisa hicho. Mtazamaji asiyezoea hudhani kwamba hadithi inasimama ili msanii auze sauti yake, na ni kweli kwamba katika filamu dhaifu hali huwa hivyo. Lakini katika filamu nzuri za mkusanyo huu wimbo ndio unaokusanya watu, unaotuliza kundi lenye hasira, au unaomtambulisha mgeni kuwa mtu wa kuaminika kabla hajasema neno lolote la maana. Mfano bora ni filamu ya mwaka 1938 iitwayo Under Western Stars, ambayo ilimpa Roy Rogers nafasi yake ya kwanza ya stelingi wakati Autry alipokuwa akigombana na kampuni kuhusu mkataba. Rogers, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Leonard Slye na ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha Sons of the Pioneers, anacheza kama kijana anayechaguliwa kuwa mbunge ili kuwapigania wafugaji walionyimwa maji wakati wa ukame. Wimbo unaohusu vumbi, uliomo katika filamu hiyo, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na unaposikika mtu huelewa ni kwa nini, kwa sababu unasema kuhusu ardhi iliyokauka yale ambayo hotuba ya mbunge ingeyasema kwa uchovu. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kukesha na ndoo akisubiri zamu ya mgao hatahitaji kuelezwa adui wa filamu hiyo ni nani.

Tena sisi tuna faida ambayo watazamaji wengi wa leo wa Ulaya hawana. Kizazi kilichokuwa kikijipanga nje ya sinema za Avalon, Empire na Empress kilikulia kwenye filamu za Kihindi, na kwa mtu aliyelelewa hivyo si ajabu hata kidogo stelingi kuacha kumfukuza mwizi ili amwimbie msichana kando ya mto. Kinachowafanya wengine wacheke hapo, kwetu ni utaratibu wa kawaida wa sinema. Mama yangu mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, aliitazama mojawapo hadi mwisho bila kuuliza nani ni nani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika filamu za kijasusi ninazozipenda mimi.

Hata uimbaji wenyewe si mgeni sana Afrika Mashariki. Autry alianza kurekodi kwa kumwiga Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyesifika kwa kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirudisha, na santuri za Rodgers zilifika mpaka kwa Wakipsigisi wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alirekodi huko wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na matamshi yao ya jina la mwimbaji huyo. Anayesikiliza filamu hizi akiwa na habari hiyo huacha kuziona kuwa za watu wa mbali mno.

Sifa hizo hazifuti aibu zake. Wenyeji wa asili wa Marekani, pale wanapoonekana, mara nyingi ni kundi la kupiga kelele lisilo na jina la mtu hata mmoja, na watu weusi hawapo au wamewekwa kuchekesha, ingawa wanahistoria hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne hivi katika zama halisi za kuswaga ng'ombe alikuwa mweusi. Kwa hiyo nilifurahi kukuta humo The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939, moja ya filamu chache ambazo Herb Jeffries aliigiza kati ya 1937 na 1939 kama kauboi mwimbaji mweusi, zilizolengwa kwa watazamaji weusi waliotengwa na sinema za wazungu. Umaskini wa bajeti unaonekana wazi, na mapigano yake ni ya kusukumana, lakini sauti ya Jeffries, ambaye baadaye aliimba katika bendi ya mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, inazipita nyingi za wenzake wenye fedha.

Sasa ubora wa bidhaa yenyewe, ambako mnunuzi anapaswa kuwa macho. Katika miaka ya 1950 filamu nyingi za Autry na Rogers zilikatwa hadi dakika 53 au 54 ili ziingie katika kipindi cha saa moja cha televisheni pamoja na matangazo, na mara nyingi vilivyokatwa ni nyimbo. Nakala za namna hiyo ndizo zinazozunguka sokoni, na karibu nusu ya mkusanyo huu ni hizo. Kumuuzia mtu filamu ya kauboi mwimbaji iliyopunguzwa kuimba ni sawa na kumwandalia pilau bila viungo. Filamu kadhaa za Rogers za kuanzia 1947, ambazo awali zilipigwa kwa rangi, humu zimo katika weusi na weupe wenye ukungu. Sauti inasikika vizuri isipokuwa katika faili chache zinazovuma, na hakuna tafsiri yoyote ya Kiswahili, ya maandishi wala ya sauti. Kuhusu uhalali, baadhi ya filamu za aina hii zimekwisha kutoka katika hakimiliki nchini Marekani kwa kuwa wenyewe hawakuhuisha usajili baada ya miaka 28, lakini si zote, na kibandani hakuna anayezitenganisha.

Ushauri wangu ni kuacha bei ya jumla na kuchagua filamu moja moja, ukimwomba kijana akufungulie kila faili kwenye kompyuta yake usome urefu wake. Iliyo chini ya dakika 55 iulizie kwanza. Anza na ile ya ukame na ya Jeffries, kisha ongeza mbili au tatu za Autry za kabla ya 1942, mwaka alioingia jeshini. Faili ikiwa mbovu hubadilishiwa bila ubishi, ila usiende Jumamosi jioni, kwa sababu foleni ya wanaofuata tamthilia za Kituruki huwa imefika barabarani na hakuna atakayekuwa na subira ya kukukagulia dakika.