Mbegu za maua mchanganyiko: hizo "siku 60" zinaanza kuhesabiwa lini?

Kwa wenye haraka, nimeipa pakiti hii nyota tatu kati ya tano. Mbegu zenyewe ni nzima, zimeota kwa wingi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na maandishi makubwa yaliyo mbele ya pakiti: "Maua ndani ya siku 60."

Humo ndani kuna zinia, marigoldi fupi, kosmosi, petunia, lavenda na digitalisi. Anayeifahamu mimea hii hata kidogo atauliza palepale: siku 60 za nani? Na zinahesabiwa kuanzia lini? Mbegu inapoingia udongoni, inapochipua, au mche unapotoka kitaluni? Pakiti haisemi, na tofauti yake si ndogo. Petunia huchukua wiki moja hadi mbili kuchipua, kisha hukaa kitaluni wiki kadhaa kabla ya kustahimili kuhamishwa. Anayehesabu tangu kusia mbegu na anayehesabu tangu kuhamisha miche wanaweza kupishana zaidi ya mwezi mzima, na wote wakawa wanasema kweli.

Marigoldi ndizo zilizotimiza ahadi. Aina hii fupi kwa kawaida huchanua wiki 7 au 8 baada ya kusia, na zangu hazikwenda mbali na hapo. Zinia zilifuata nyuma kidogo. Zenyewe huhitaji wiki 8 hadi 10. Nusu ya zinia nilizikata ncha zilipofikisha jozi tatu za majani, nyingine nikaziacha zijiendee. Zilizokatwa zilichelewa kuchanua, ila zilitoa matawi pembeni na sasa zina maua mengi kuliko zile zilizokimbilia juu na shina moja. Mwenye subira akate, mwenye sherehe karibuni asiguse.

Kosmosi zina kisa chao. Pakiti inakuja na kifuko kidogo cha mbolea chenye namba 20-10-10, maana yake naitrojeni ni mara mbili ya fosforasi, na vilevile mara mbili ya potasiamu. Niliiweka upande mmoja wa tuta tu, nione. Upande wenye mbolea kosmosi zilinenepa, zikawa ndefu, majani yake yale membamba yakafunga kama ukindu, na tumba hata moja halikuonekana kwa muda mrefu. Upande usio na mbolea, kwenye udongo wa kawaida usio na rutuba nyingi, zilichanua mapema na zikachanua vizuri. Naitrojeni nyingi hulisha majani. Kosmosi akishiba, hana haraka ya kuzaa. Urefu wa usiku nao una neno lake, kwani huu ni mmea unaoharakisha maua usiku unapokuwa mrefu. Kile kifuko bora ungekipeleka kwenye mboga za majani.

Sasa petunia. Maelekezo yanasema mbegu zote zifukiwe sentimita moja. Kwa zinia ni sawa kabisa. Kwa petunia ni kuzizika! Mbegu ya petunia ni ndogo kama vumbi, gramu moja ina karibu mbegu 10,000, na inahitaji mwanga ili iote. Unaitandaza juu ya udongo ulio laini na wenye unyevu, unaibonyeza kidogo kwa kiganja, basi. Kwa kuwa nililijua hilo, nilizitenga kwanza. Kutenga si kazi ngumu ukimwaga pakiti yote juu ya karatasi nyeupe: zinia ni bapa, zimechongoka upande mmoja, kosmosi ni vijisindano vyeusi vilivyopinda, marigoldi ni vijiti vyeusi vyenye kishungi cha rangi ya majani makavu. Vumbi linalobaki chini kabisa ndilo petunia na digitalisi, na hapo macho hayasaidii tena. Petunia zimeanza kutoa matumba baada ya wiki 12 na ushei tangu kusia, na huo ndio mwendo wake wa kawaida. Hazina kosa.

Lavenda naipitia haraka: ya mbegu ni ya kungoja. Kuota tu inaweza kuchukua wiki tatu au nne, na mwaka wa kwanza usiitegemee kwa zaidi ya vishada viwili vitatu. Anayetaka maua yake mapema apande vipandikizi.

Kilichoondoa nyota ya pili ni digitalisi. Aina ile ya kawaida, ya zambarau, huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza hutoa majani yaliyolala chini kwa duara, na mwaka wa pili, baada ya kupitia kipindi cha baridi, ndipo huinua shina na kuchanua. Kuiweka chini ya maandishi ya siku 60 ni kumdanganya mnunuzi, tena yule mgeni wa bustani atakayeona majani matupu, aseme mbegu ni mbovu na kung'oa.

Tena mmea huo una sumu kuanzia majani hadi mbegu, sumu inayoathiri mapigo ya moyo. Majani yake machanga hayatofautiani sana na mboga machoni pa mtu asiyeyajua. Nyuma ya pakiti kuna nafasi ya picha ya kipepeo na ya nembo ya kampuni, lakini onyo hakuna. Nimewaandikia waitoe digitalisi kwenye mchanganyiko huu au waandike onyo kwa herufi kubwa kama zile za "siku 60". Hawajajibu. Wenye watoto wadogo nyumbani, nunueni zinia na marigoldi kila moja kwenye pakiti yake.