Baseball Savant kwa anaewinda wachezaji wa Rule 5: warushaji utawaona, wapigaji wengi hutowaona

Baseball Savant ni tovuti ya takwimu za beisboli. Naipa nyota 4 kati ya 5, na hio ya tano ntaeleza kwanini naizuia.

Kwanza kwa wale beisboli wanaijua juu juu. Kila Disemba timu za MLB, yaani ligi kuu ya beisboli ya Marekani, zinafanya drafti inaitwa Rule 5, timu inaruhusiwa kuchukua mchezaji wa ligi ndogo wa timu nyengine ikiwa wenyewe hawajamuweka kwenye rosta (orodha) yao ya watu 40. Aliesajiliwa na miaka 18 au chini analindwa misimu mitano, wa 19 kwenda juu misimu minne, baada ya hapo kama hayumo kwenye hao 40 yuko wazi. Yaani chukulia KMKM wamlee kijana miaka yote hio halafu Mlandege waje na bei iliyokwisha pangwa wamchukue na KMKM hawana la kusema. Bei ni dola 100,000 ila sharti ndo zito, lazima ukae nae kwenye kikosi cha watu 26 msimu mzima unaofata, ukitaka kumteremsha ligi ndogo basi timu nyengine zote zipewe nafasi ya kumchukua kwanza, na wakikataa wote unamrejesha kwa wenyewe kwa dola 50,000 kama wanamtaka.

Kwahio ukiwinda hapa unatafuta kijana anaeweza kukaa kwenye timu kubwa mwaka mzima bila kuzama, na mie kwa kazi hio sijaona kitu cha bure kinachoifikia Savant. Ni tovuti ya MLB wenyewe, hulipi chochote, na wana sehemu ya kutafuta data za Statcast (mitambo ya viwanjani inayopima kila mpira) za ligi ndogo, Triple-A yote, ile ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, kuanzia 2023 na Florida State League, ya ngazi za chini, kuanzia 2021. Kila mpira uliorushwa umo, kasi yake, unavyozunguka, umepinda kiasi gani, mpigaji kaupiga au kapunga hewa. Na unaweza kulidaunilodi jadweli zima, hili kwetu huku Wete ni jambo kubwa mana bando likiisha au umeme ukikatika bado unaendelea kuchambua. Mechi zenyewe nyingi zinachezwa saa nane za usiku kwa saa zetu, mtu una kazi asubuhi huwezi kuzikesha zote, asubuhi unafungua Savant unajua fulani karushaje.

Sisi tuko kikundi tunaopenda mchezo huu, ikifika Novemba timu zikishafunga orodha za wanaolindwa kila mtu anataja majina yake na msimu mzima tunaangalia nani kabaki kwenye 26. Tunabishana barzani mpaka kahawa inapoa. Na nnachokiona ni kwamba anaeshikilia Savant anapata zaidi kwa warushaji, mana mrushaji ana pa kufichika, kocha anamtia mwisho wa mechi timu imeshafungwa sana, anajifunza taratibu bila kuiumiza timu. Ukiona mtu ana mpira mmoja ambao wapigaji wa Triple-A wanaukosa kila wakati, huyo mshike. Ila angalia pia besi za bure anazogawa (akirusha mipira minne nje ya eneo la straiki mpigaji anapewa besi), na kumbuka Triple-A tokea 2023 mashine inashiriki kuhukumu straiki, mwanzo mechi nyengine ilihukumu yenyewe na siku hizi ni pale mchezaji anapopinga uamuzi wa refa, kwahio namba hio usiichukue kama ilivyo.

Sasa nyota iliyobaki. Double-A, ngazi iliyo chini ya Triple-A, haimo. Na wachezaji wa Rule 5 wengi ndo wanatokea huko au chini ya huko! Shane Smith, White Sox walimchukua wa kwanza kabisa Disemba 2024 kutoka Brewers, sehemu kubwa ya msimu ule alikuwa Double-A kule Biloxi, halafu 2025 akawa All-Star, yaani kachaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Tena chenjiapu yake (mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji) iliyowasumbua watu kajifundisha baada ya kuhamia White Sox, hio hata data ingekuwepo usingeiona. Kwa wapigaji ndo zaidi. Anthony Santander Orioles walimchukua Disemba 2016 kutoka Cleveland akiwa hajafika hata Double-A, bega lake bovu, na 2024 kapiga homu rani 44 (mipira ya kuvuka uzio wa uwanja). Akil Baddoo nae Tigers walimtoa kwa Twins 2020 akiwa hajavuka High-A, ngazi ya chini ya Double-A, na mpira wa kwanza aliorushiwa MLB kaupeleka nje ya uwanja. Hawa wote ukitegemea Savant peke yake wanakupita. Na Roberto Clemente alichukuliwa hivi hivi 1954, Pirates wakamtoa kwa Dodgers kwa dola 4,000, akamaliza na hiti 3,000, kwahio jicho la mtu bado lina kazi yake kubwa.

Kama unataka kuanza, fungua kwenye kompyuta ukiweza mana majadweli ni mapana, chagua Triple-A, chuja warushaji, panga kwa asilimia ya kukosesha wapigaji, halafu ndo uanze kuangalia nani hayumo kwenye rosta ya 40. Kwa Double-A chukua takwimu Baseball Reference, kila mchezaji wa ligi ndogo ana ukurasa wake, na MLB Pipeline kila Novemba wanaandika wale walioachwa wazi, nayo bure. Wapigaji watafute video zao uwatizame wanavyopokea mpira wa kasi, hio hakuna jadweli litakalokufanyia.